Mkanda Juu ya Koti

Asubuhi hiyo baridi ilikuwa kali mno, lakini watu wa Wemindji, kijiji cha pwani katika nchi ya theluji ya kaskazini, hawakuijali. Walikuwa na safari. Mashindano ya hoki ya barafuni yalikuwa yanaanza katika mji wa Val-d'Or, mbali kusini, na nusu ya kijiji ilikuwa inahamia huko kwa siku kadhaa. Mbele ya kila nyumba gari lilikuwa linaunguruma na kutoa moshi mweupe.

Bibi Harriet alikuwa jikoni kwa binti yake, Beulah. Alikuwa anakata mkate wa sufuria na kuufunga kwenye kitambaa kwa ajili ya njiani. Nje, mkwe wake Clifford alikuwa anaandaa gari.

Tuseme ukweli, Clifford alikuwa dereva hasa. Kuna watu wanaoshika usukani tu, na kuna madereva. Usiku alikuwa ameunganisha injini na waya wa umeme ili isigande. Sasa alifagia theluji kwenye gari zima. Hakuridhika na kutoboa kitundu cha kuchungulia kwenye kioo kama wafanyavyo wavivu. Alifagia paa, vioo vyote, taa za mbele na taa za nyuma. Kisha alichutama akaangalia bomba la moshi. Bomba likizibwa na theluji, moshi hurudi ndani ya gari na kuua watu wakiwa wamekaa, wala hawasikii harufu. Tangi lilikuwa limejaa mafuta. Matairi yalikuwa ya theluji. Kwenye buti la gari aliweka koleo, kamba ya kuvutia gari, mablanketi, chakula, na mshumaa ndani ya kopo.

"Mshumaa wa nini? Unakwenda kusali?" Beulah alimtania kutoka mlangoni.

"Injini ikizimika, mshumaa mmoja utatupasha joto," Clifford alijibu. "Lakini wewe ukininunia, hata mishumaa kumi haitatosha."

Beulah alicheka akafunga mlango.

Kazi ya Bibi Harriet ilikuwa moja, na hakumwachia mtu. Ilikuwa kumvisha Minnie, mjukuu wake. Minnie alikuwa na miaka miwili na kitu, na maneno mengi kuliko meno. Bibi alimvisha soksi za sufu, suruali mbili, fulana mbili, na mwisho koti.

Makoti ya Bibi Harriet yalikuwa na sifa pwani yote. Kila mwaka bata bukini waliporudi na watu kwenda kuwinda, yeye aliomba manyoya laini ya kifuani. Aliyaosha, akayakausha, akayashindilia ndani ya makoti ya watoto. Aliwashonea wajukuu zake, na watoto wa jirani, na watoto wa jirani wa jirani. Mama akijifungua pale kijijini, alijua koti liko njiani.

Na alikuwa na sababu ya kuyashona mazito. Zamani, kaka yake Isaiah alisafiri na jaketi jepesi kwa kuwa ndani ya gari kulikuwa na joto. Gari lilikufa njiani. Isaiah akatembea. Walimkuta asubuhi, karibu kabisa na nyumba ya kwanza. Tangu hapo Bibi Harriet aliwaambia watu wote maneno yale yale: "Mvishe mtoto kana kwamba gari litakufa."

Clifford aliingia kumchukua Minnie. Alimkuta amesimama katikati ya chumba, mikono imetanuka, hawezi hata kuishusha.

"Huyu ni mtoto au mto?" aliuliza.

"Mto!" Minnie alipiga kelele, akacheka mpaka akaanguka. Hakuweza kuinuka mwenyewe.

Ndani ya gari, mikanda ya kiti cha mtoto kilichofungwa nyuma haikufika. Clifford alivuta, akasukuma, akahema.

"Mama, umemshonea manyoya au umemtia bata mzima?"

"Legeza mkanda. Usimlaumu bata," alisema Bibi Harriet.

Clifford akailegeza mikanda. Bibi akakibonyeza kifua cha mtoto kwa viganja viwili. Manyoya yakanywea, na kifungio kikalia: ta! Clifford akauvuta mkanda kuujaribu. Ulikuwa umelibana koti barabara.

"Hata nzi hapiti hapo," alisema Bibi Harriet, naye akaridhika.

Wakaondoka.

Clifford aliendesha polepole. Taa ziliwaka ingawa ilikuwa mchana. Mbele yao kulikuwa na lori kubwa linalotimua vumbi la theluji, na yeye alikaa mbali nalo. Beulah alikuwa pembeni yake. Bibi Harriet alikuwa nyuma, karibu na Minnie. Hita ilikuwa inapuliza joto, na watu wazima wakafungua majaketi yao. Minnie alikuwa amelala, mashavu mekundu, katikati ya manyoya yake.

Walifika kwenye daraja la mto, lililokuwa limefunikwa na barafu nyembamba ambayo haionekani kwa macho. Madaraja huganda upesi kuliko barabara, kwa kuwa upepo hupita juu na chini. Clifford alilijua hilo na alikuwa amepunguza mwendo. Hata hivyo gari liliteleza. Hakukanyaga breki kwa pupa. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akageuza usukani taratibu kuelekea alikotaka kwenda. Gari lilikuwa karibu kutii. Kisha tairi likashika theluji laini ya pembeni, likawavuta nje ya barabara. Chini ya theluji ile kulikuwa na jiwe.

Haukuwa mgongano mkubwa. Vioo havikuvunjika. Beulah alilalamika maumivu ya bega. Clifford alikuwa anauliza, "Mko salama? Mko salama?"

Bibi Harriet aligeuka kumtazama Minnie. Kiti kilikuwa palepale, imara. Mikanda ilikuwa imefungwa. Kifungio hakikuwa kimefunguka. Lakini kwenye kiti hakukuwa na mtu.

Minnie alikuwa chini, kati ya viti, ndani ya koti lake. Mguu mmoja ulikuwa umeelekea kusikoelekea mguu. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililomtisha Bibi kuliko yote.

Dereva wa lori alirudi, akaita msaada kwa redio yake. Gari la wagonjwa likaja, kisha ndege. Katika hospitali ya kusini manesi walilikata koti kwa mkasi, na manyoya yakaruka chumba kizima. Baadaye Minnie alilia. Bibi Harriet alimshukuru Mungu kwa kilio kile. Kichwa kilikuwa kimenusurika, daktari alisema. Lakini mfupa wa paja ulikuwa umevunjika vibaya, karibu na nyonga. Utaunga, ila huenda mguu huo ukabaki mfupi kuliko mwenzake.

Nesi aliuliza, "Mtoto alikuwa amefungwa mkanda?"

"Alikuwa amefungwa," alisema Clifford.

Nesi aliandika, akaondoka. Lakini Beulah alimgeukia mumewe.

"Una hakika, Clifford?"

"Nilimfunga! Mama alikuwepo!"

"Mtu aliyefungwa anatokaje? Niambie, anatokaje?"

Clifford alimtazama mama mkwe wake. Bibi Harriet alikuwa amesikia ile "ta!" kwa masikio yake mwenyewe. Lakini aliwaza: labda tulisikia vibaya. Labda kifungio ni kibovu. Alinyamaza, na mkwe wake akabeba lawama peke yake. Walirudi nyumbani hawasemezani, na mtoto amefungwa plasta ngumu ya mfupa kutoka kiunoni hadi kwenye vidole.

Bibi Harriet hakujua la kufanya na mikono yake. Basi akafanya alilolijua. Alichukua manyoya yaliyobaki akaanza kumshonea Minnie koti jipya. Aliwaza kwamba lile la kwanza lilimkinga mtoto kidogo, basi hili alifanye nene zaidi. Alishindilia manyoya mpaka sindano ikawa ngumu kupita.

Jirani yao Rhonda alikuja siku moja mchana. Rhonda alifanya kazi kliniki, upande wa mama na mtoto. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, asiyeweza kukaa bila chai. Siku hiyo chai ilipoa mbele yake. Alimchezesha Minnie kidogo, kisha macho yake yakatua kwenye koti.

"Mama Harriet, Minnie alikuwa amevaa kama hili siku ile?"

"Kama hili, ila jembamba."

"Na mkanda ulipita juu ya koti?"

"Ungepita wapi tena, mwanangu?"

Rhonda aliinuka. "Nisubirini," alisema. Alirudi na kiti cha mtoto kutoka kliniki. "Kile chenu msikitumie tena. Kiti kikishapata ajali, kazi yake imekwisha, hata kama kinaonekana kizima. Beulah, una mfuko wa unga?"

"Unataka kupika?" Beulah alishangaa.

"Lete tu."

Rhonda aliuvisha mfuko wa unga lile koti jipya, akauweka kwenye kiti. "Clifford, mfunge huyu mtoto."

Clifford alitikisa kichwa. Basi Bibi Harriet akafunga mwenyewe. Alilegeza mikanda, akabonyeza manyoya, na kifungio kikalia: ta!

"Umebana?" aliuliza Rhonda.

Bibi akauvuta. "Umebana."

"Sasa fungua, vua koti, rudisha unga, funga tena. Usikaze mkanda. Uache ulivyo."

Bibi Harriet alifanya hivyo. Kifungio kikalia vilevile. Lakini mikanda ilining'inia mbele ya mfuko kama kamba ya kuanikia nguo. Rhonda aliingiza ngumi yake kati ya mkanda na unga. Akaingiza na ya pili. Kisha akakiinua kiti na kukiinamisha mbele kwa ghafla. Mfuko ukachomoka juu ya mikanda, ukaanguka sakafuni puu!

Hakuna aliyeuokota.

"Manyoya ni hewa," alisema Rhonda polepole. "Gari likigonga, hewa yote inatoka mara moja. Koti linanywea. Mkanda unabaki pale ulipo, na mtoto anaendelea na safari. Sisi tulidhani tumemfunga mtoto. Kumbe tumelifunga koti."

Beulah alimtazama mumewe.

"Ulimfunga," alisema.

"Nilikwambia," alisema Clifford, na mtu mzima yule akalia mbele ya mama mkwe wake bila kujificha. Beulah akaenda akamshika kichwa. "Nisamehe. Nisamehe, Clifford."

Bibi Harriet aliketi. "Kwa hiyo ni mimi," alisema.

Rhonda angeweza kumdanganya kwa upole. Hakufanya hivyo. "Ni koti, Mama. Na hakuna aliyekwambia. Mimi ndiye niliyepaswa kukwambia. Nimewaona watoto wakiingia kliniki na makoti yako miaka yote hii, na nilichofanya ni kusifu mshono. Nalijutia hilo kila nikimwona mtoto huyu."

Bibi Harriet alikasirika ghafla. Majuto yakizidi mara nyingine huwa hivyo. "Basi mnataka nifanyeje? Watoto wasafiri uchi? Isaiah alikufa kwa baridi! Gari likizimika huko porini, mkanda wako utampasha nani joto?"

"Hujakosea kuhusu baridi," Rhonda alijibu. "Koti lisafiri na mtoto. Lakini liwe juu ya mkanda, lisiwe chini yake. Ngoja nikuonyeshe."

Aliuokota mfuko wa unga, akauvisha sweta ya sufu.

"Kwanza washa gari mapema, nje, sehemu ya wazi, lipate joto. Usiliwashe ndani ya banda, moshi utaua watu. Mtoto akifika garini, mvue koti. Abaki na nguo za joto zilizokaa mwilini, kama hivi. Mfunge. Vuta mkanda ukaze. Kisha jaribu kuufinya mkanda hapa begani kwa vidole viwili. Ukiweza kuukunja, bado umelegea. Kaza tena mpaka vidole viteleze."

Bibi Harriet alijaribu kuufinya. Vidole vyake viliteleza.

"Sasa chukua koti. Mvishe kinyume, kwa mbele, mikono yake iingie kwenye mikono ya koti. Au mfunike blanketi, ila uso ubaki wazi. Akisikia joto, unamvua bila kugusa mkanda. Gari likizimika, koti liko pale pale mapajani mwake."

"Na sisi wakubwa?" aliuliza Clifford.

"Nasi vilevile. Fungua jaketi lako, mkanda wa chini ukae kwenye nyonga, si juu ya jaketi lililotuna. Mwili ndio unaofungwa."

Bibi Harriet alikuwa anatazama kile kiti. Ni jambo la dakika moja, aliwaza. Kumvua mtoto koti ni dakika moja tu. Kama lingekuwa jambo gumu, labda angejisamehe. Kisha wazo jingine likamjia, likamfanya asimame.

"Rhonda," alisema. "Makoti yangu yako nyumba ngapi?"

Wote wanne walijua kwamba ni karibu kila nyumba yenye mtoto. Na kila asubuhi kulikuwa na mama anayebonyeza manyoya mpaka kifungio kilie.

Kesho yake Bibi Harriet alianza kuzunguka. Haikuwa kazi rahisi. Ni vigumu mtu kupita akiisema vibaya zawadi aliyoitoa mwenyewe. Wengine walimhurumia, wakamwambia asijitese. Wengine walisema ndiyo ndiyo, mradi aondoke. Mzee mmoja alimwambia kwamba watoto wa zamani walibebwa kwenye magari bila mikanda kabisa, na hawakufa. "Waliokufa hawako hapa kukubishia," Bibi alimjibu, akaendelea na safari yake.

Mbele ya duka alimkuta Loretta, mama kijana, anamfunga mwanawe Orrin kwenye gari. Orrin alikuwa ametuna ndani ya koti la buluu. Bibi Harriet aliutambua mshono wake kutoka mbali. Alibisha hodi kwenye kioo.

"Loretta, mvue koti kwanza."

"Mama Harriet! Baridi hii? Si umenishonea mwenyewe?"

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

"Lakini naenda pale tu. Si mbali."

"Sisi tulikuwa tunakwenda mbali, na tulijiandaa kwa kila kitu," alisema Bibi Harriet. "Tulikuwa na koleo. Tulikuwa na mshumaa. Mjukuu wangu alikuwa amefungwa, Loretta, nilisikia kwa masikio yangu. Nilipogeuka, mikanda ilikuwa imefungwa na kiti kilikuwa kitupu. Nakuomba, mwanangu. Mvue koti."

Loretta alimtazama. Kisha alikifungua kifungio, akamvua mtoto koti. Bibi alimwelekeza jinsi ya kukaza. Walifinya mkanda pamoja, begani, mpaka vidole vikateleza. Orrin alipiga kelele za baridi, lakini walipomfunika koti kwa mbele alinyamaza.

Bibi Harriet aliacha kushona makoti mazito ya watoto kwa ajili ya safari. Manyoya yake aliyatia kwenye mablanketi madogo ya kufunika mapaja. Kliniki nayo ikaweka kiti na mfuko wa unga mlangoni, ili kila mzazi ajaribu kwa mikono yake. Watu walitania ule unga, wakaupa jina, Mtoto wa Rhonda. Lakini walijaribu.

Baridi ilikuwa inaanza kulegea Loretta alipokuja nyumbani kwa Beulah. Alikuwa na plasta ndogo kwenye paji la uso, na Orrin mkononi.

"Tuliteleza jana," alisema kabla hajakaa. "Kwenye kona ya kuingia kijijini. Asubuhi barabara ilikuwa imeyeyuka, jioni ikaganda tena. Nilikuwa nimezoea, nikakimbiza gari. Tukagonga nguzo."

Bibi Harriet alishika meza. "Na mtoto?"

"Mtazame! Hana hata mkwaruzo. Alilia kwa sababu biskuti yake ilianguka." Loretta alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio. "Alikuwa kwenye kiti, Mama. Niligeuka, naye alikuwa kwenye kiti. Asante. Sijui niseme nini. Asante."

Bibi Harriet alifurahi. Kweli alifurahi, moyo wake wote. Lakini furaha hiyo ilikuwa inauma. Alimtazama Orrin anavyokimbia kuzunguka meza kwa miguu miwili iliyo sawa, akatamani arudishiwe asubuhi moja tu, ile ya safari ya Val-d'Or, aseme maneno mawili kabla ya kifungio kulia.

Minnie alikuwa anamfuata Orrin. Plasta ya mguu ilikuwa imetolewa. Alishika kiti, kisha meza, kisha kiti kingine, akiuvuta ule mguu mfupi nyuma yake.

"Usinishukuru mimi," alisema Bibi Harriet. "Mimi nilijifunza kwake. Mshukuru yeye."

Loretta alifuta macho. Alipiga magoti sakafuni mbele ya mtoto.

"Asante, Minnie," alisema.

Minnie hakujua anashukuriwa nini. Alimtazama bibi yake, akingoja aambiwe la kufanya.

"Sema karibu," Bibi alimwambia.

"Karibu," alisema Minnie.